Usome Mji Kabla ya Kupanga Nyumba: Majina, Maji na Makao katika Jiji la York

UTANGULIZI

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema, hata hivyo, mgeni huyo atalala wapi. Kila mwaka baadhi ya wanafunzi na wahadhiri wa vyuo vyetu hupata ufadhili wa kwenda kusoma Uingereza. Barua ya kukubaliwa huja na furaha, viza huja na jasho, na swali la makao huachwa hadi dakika ya mwisho, kana kwamba nyumba ni nyumba tu popote ilipo. Makala haya yanahusu swali hilo linaloachwa nyuma. Yanachukua mfano wa jiji moja kongwe, York, lililoko kaskazini mwa Uingereza, na kueleza jinsi mgeni anavyoweza kuchagua pa kukaa humo bila kuponzwa na uzuri wake.

Hoja yetu ni nyepesi kutamka, ila nzito kutekeleza: mji wa kale hausomwi katika picha za matangazo ya nyumba, bali katika majina, kuta na mito yake. Majina mengi ya York yalitungwa na watu walioishi hapo kabla ya pampu na mabomba. Waliziita sehemu kwa sifa zilizowafaa au zilizowadhuru. Mwanafunzi wa Kiswahili, aliyefunzwa kuuliza neno limetoka wapi na linamwambia nani nini, ana silaha ambayo wakala wa nyumba hawezi kumuuzia. Anachohitaji ni kuikumbuka kabla ya kutia sahihi.

Kuusoma mji kama matini si jambo geni kwetu. Magofu ya Songo Mnara, katika visiwa vya Kilwa nchini Tanzania, yalichimbuliwa na wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones wa Chuo Kikuu cha York na Jeffrey Fleisher wa Chuo Kikuu cha Rice. Wataalamu hao waliangalia vyumba, nyua, makaburi na nafasi wazi za mji ule wa Waswahili ili kuelewa watu waliishi vipi humo. Iwapo msomi kutoka York anaweza kuja kuisoma miji yetu kwa makini kiasi hicho, hakuna linalotuzuia nasi kuusoma mji wake, hasa tunapokusudia kulala ndani yake.

MITAA INAYOITWA MALANGO

Warumi walianzisha ngome yao ya Eboracum mahali hapa mwaka wa 71 B.K. Ni hapa ambapo Constantine alitangazwa na askari wake kuwa mtawala wa Roma mnamo 306. Baada ya Warumi walikuja Waanglia, kisha Waviking wakauteka mji mwaka wa 866 na kuuita Jórvík. Wanormani nao waliingia baada ya 1066. Kanisa kuu la mji, liitwalo Minster, lilijengwa kwa zaidi ya karne mbili na kuwekwa wakfu likiwa limekamilika mwaka wa 1472. Kila kundi liliacha mawe yake na maneno yake. Mawe hayo huwavutia watalii. Maneno ndiyo yanayotuhusu zaidi hapa.

Siku yangu ya kwanza York nilielekezwa niteremke mtaa wa Micklegate. Nilisimama na sanduku langu nikitafuta lango, kwa kuwa Kiingereza nilichofundishwa shuleni kinasema 'gate' ni lango. Sikuliona. Nilipouliza, nilionyeshwa jengo kubwa la mawe mwisho wa barabara na kuambiwa kuwa lile ni Micklegate Bar. Kwa kusikia 'bar' nilidhani ninaelekezwa mahali pa kuuzia vileo, nikageuka na kwenda upande wa pili. Wenyeji wa York huutania utata huu kwa kusema kuwa mitaa yao ni 'gate', malango yao ni 'bar', na mabaa yao ni 'pub'.

Utani huo una historia. Neno 'gate' katika majina ya York halikutokana na Kiingereza, bali na neno 'gata' la lugha ya Waviking lililomaanisha barabara. Micklegate, kwa hivyo, ni Barabara Kuu. Coppergate ni barabara ya mafundi waliochonga vikombe vya mbao. Uchimbuzi uliofanywa hapo kati ya 1976 na 1981 ulifukua mabaki ya nyumba na karakana za enzi za Waviking, na mwaka wa 1984 jumba la maonyesho la Jorvik likafunguliwa mahali hapo hapo. Fishergate ni barabara ya wavuvi. Kwa upande mwingine, lango lenyewe lililo katika ukuta ndilo liitwalo 'bar'. Yako manne makuu: Micklegate Bar, Bootham Bar, Monk Bar na Walmgate Bar. Msomaji anayeujua mtaa wa Langoni kule Lamu, ambako jina na maana havijatengana, ataelewa mara moja kwa nini mgeni hupotea York.

Somo la kwanza, basi, ni la msamiati. Tangazo likisema nyumba iko 'ndani ya malango' au 'nje ya Walmgate Bar', linasema iko ndani au nje ya ukuta wa kale. Ukuta huo una urefu wa takribani kilomita 3.4, na ndio mrefu kuliko kuta zote za miji ya zama za kati zilizosalia Uingereza. Mstari huo wa mawe bado unagawa maisha ya watu. Ndani yake ziko barabara nyembamba, maduka, makanisa na umati wa watalii. Nje yake ndiko waliko wakazi wengi wa jiji.

Kuishi ndani ya ukuta kuna raha yake. Unatembea kwa miguu hadi sokoni, maktabani na kituo cha garimoshi. Asubuhi na mapema, kabla wageni hawajafika, mtaa wa Shambles, uliokuwa wa wachinjaji nyama, huwa wako peke yako. Raha hiyo, hata hivyo, ina gharama. Nafasi ni chache na kodi iko juu. Magari huzuiwa katika mitaa mingi ya katikati saa za mchana, kwa hivyo siku ya kuhamia mizigo hubebwa mabegani. Majengo mengi yamelindwa na sheria ya uhifadhi, hivi kwamba mwenye nyumba hawezi kubadilisha dirisha la kioo kimoja bila kibali. Dirisha hilo linapendeza likitazamwa kutoka nje. Anayelala upande wa ndani mwezi wa Januari ana maoni tofauti.

MAJI HAYASAHAU NJIA YAKE

Mji wa York umejengwa pale mto Foss unapokutana na mto Ouse. Ouse hukusanya maji ya mito ya Swale, Ure na Nidd inayoteremka kutoka mabonde ya milima ya Yorkshire. Kwa sababu hiyo, mafuriko ya York yanaweza kuja siku ambayo York yenyewe haijapata hata tone. Mvua hunyesha mbali, na mto huileta baadaye. Mnamo Novemba 2000 Ouse ulipanda hadi takribani mita 5.4 juu ya kiwango chake cha kawaida cha kiangazi. Katika gati la kale liitwalo King's Staith, iko baa ambayo imeandika ukutani viwango vya mafuriko ya miaka mbalimbali, kama mzazi anavyoweka alama za urefu wa mwanawe kwenye mwimo wa mlango.

Foss ni mto mdogo, na hatari yake ni ya namna nyingine. Ouse unapofurika, maji yake husukuma kurudi nyuma na kuingia Foss. Ili kuzuia jambo hilo, lango kubwa la chuma lilijengwa mahali mito hiyo inapokutana na kukamilika mwaka wa 1987. Ouse ukipanda, lango hilo huteremshwa ili kuuzuia, na pampu huyahamisha maji ya Foss yenyewe hadi upande wa pili wa lango. Mfumo huu hutegemea pampu. Tarehe 26 Desemba 2015, maji ya Foss yalikuja kwa wingi uliozidi uwezo wake na kuanza kuingia katika jengo lenye mitambo ya umeme. Wahusika walilazimika kuamua kuliinua lango. Mamia ya nyumba na biashara zilifurika, hasa karibu na Huntington Road, Foss Islands na Walmgate. Baada ya hapo mitambo ilifanyiwa ukarabati mkubwa na pampu zenye nguvu zaidi zikawekwa.

Je, mtu angeweza kujua mapema? Ukuta wenyewe ulikuwa umeshasema. Anayeuzunguka kwa miguu hufika mahali panapoitwa Layerthorpe na kukuta umekatika. Hakuna ukuta wowote hadi Red Tower, mnara mdogo wa matofali mekundu. Si kwamba ulibomolewa. Mfalme William alipojenga ngome yake baada ya kuuteka mji, aliuzuia mto Foss kwa bwawa, na maji yakatanda na kufanya ziwa la samaki la mfalme pamoja na kinamasi. Kinamasi kilitosha kuwa ulinzi, kwa hivyo ukuta haukujengwa. Ziwa hilo lilikauka na kujazwa udongo karne nyingi baadaye. Leo pana barabara na maduka makubwa, lakini jina Foss Islands, yaani Visiwa vya Foss, lingali pale. Mahali panapoitwa visiwa ilhali huoni maji ni mahali pa kuulizia maswali.

Nalisema hili kwa kuwa nusura linipate. Chumba cha kwanza nilichoonyeshwa kilikuwa hatua chache kutoka Ouse, sakafu yake ikiwa chini ya usawa wa barabara, na kodi yake ilikuwa nafuu ajabu. Soketi za umeme zilikuwa zimewekwa juu ukutani, karibu na kiuno changu. Nilidhani ni mtindo wa Kiingereza. Nilikuwa tayari kulipa siku hiyo hiyo. Nilipotoka nje, mzee mmoja aliyekuwa akimtembeza mbwa wake aliniuliza kama ninahamia pale. Nilipomjibu, hakusema neno baya juu ya mwenye nyumba. Aliniuliza tu iwapo nimeziona soketi, na kama ninajua kwa nini mtu huziweka juu kiasi kile. Mwenye nyumba hakuwa amenidanganya. Nyumba ilikuwa imetengenezwa ili ivumilie maji, na ukuta ulisema hivyo waziwazi. Ni mimi niliyekuwa sijui kuusoma.

Majina ya viungani husema vivyo hivyo. Fulford, kusini mwa jiji, linatokana na maneno ya Kiingereza cha Kale yenye maana ya kivuko kichafu, yaani pahali pa kuvukia penye matope. Jeshi la Waingereza lilishindwa na Wanorwe hapo tarehe 20 Septemba 1066, kando ya vinamasi. Knavesmire, uwanja mkubwa ambako mashindano ya mbio za farasi hufanyika, una ndani yake neno la tope. Clifton Ings, kaskazini, lina neno la Kiviking la malisho yanayofunikwa na maji, na hadi leo eneo hilo huachiwa maji ya Ouse wakati wa mafuriko ili yasiingie mjini. Kinyume chake, Heworth ni ua wa mahali pa juu, Acomb ni penye mialoni, na Heslington ni makazi penye miti ya hazeli. Hakuna anayemwogopa mwaloni.

Tuweke tahadhari hapa, tusije tukaugeuza uchanganuzi wa majina kuwa uganga. Jina ni dokezo, si hukumu. Sehemu kubwa ya Fulford iko kwenye barabara kavu iliyoinuka, na nyumba zinazopatwa na maji ni zile zilizo karibu na kijito na mto. Kazi ya jina ni kukuamsha uulize. Jibu hupatikana katika ramani ya hatari ya mafuriko inayotolewa na Shirika la Mazingira la Uingereza, ambamo mtu hutafuta kwa anwani ya nyumba, bila malipo. Ni kazi ya dakika tano, na ndizo dakika zenye faida kubwa kuliko zote katika utafutaji wa nyumba York.

KUTOKA UKUTANI HADI CHUONI

Mgeni akishajua maji yako wapi, ajiulize anakwenda wapi kila siku. Chuo Kikuu cha York kilianzishwa mwaka wa 1963, na hakikujengwa mjini bali Heslington, kijiji kilichoko takribani kilomita tatu kusini mashariki mwa katikati ya jiji. Sehemu yake mpya ya mashariki ilianza kutumika mnamo 2009 na imesogea mbali zaidi. Chuo Kikuu cha York St John, kilichoanza kama chuo cha ualimu mwaka wa 1841 na kupata hadhi ya chuo kikuu mnamo 2006, kiko Lord Mayor's Walk, mbele tu ya ukuta karibu na Monk Bar. Mtu anayesema 'ninakwenda kusoma York' bila kutaja chuo, bado hajaanza kuchagua nyumba.

Kwa mwanafunzi wa York St John, maeneo ya The Groves, Bootham na Clifton yako karibu. Bootham, kwa njia, maana yake ni penye vibanda, na ulikuwa mtaa wa soko nje ya lango la mji. Anayesoma Heslington ana uamuzi mgumu zaidi. Akikaa Heslington yenyewe au Badger Hill, anafika darasani kwa miguu, lakini jioni hukuta kimya, na mji wa kale huwa kitu cha kutembelea mwishoni mwa wiki. Tang Hall na sehemu za Hull Road ziko kati ya chuo na mji. Nyumba nyingi za huko zilijengwa na baraza la jiji baina ya vita viwili vya dunia, zikiwa na bustani na vyumba vyenye nafasi. Hazipigwi picha na watalii, na ndiyo sababu mwanafunzi anaweza kuzimudu. Osbaldwick, mbele kidogo, ina utulivu kama huo.

Fishergate na barabara ya Fulford hukaribia vitu vyote viwili: robo saa kwa miguu hadi ukutani na safari fupi ya baiskeli hadi chuoni, kupitia Walmgate Stray, malisho ya wazi ambako ng'ombe hulishwa hadi leo. Ng'ambo ya Ouse kuna South Bank na Bishopthorpe Road, mtaa wenye maduka madogo na mikahawa unaopendwa na vijana wenye kazi. Zamani mtu wa huko alilazimika kuzunguka kupitia mjini ili afike Heslington. Daraja la Millennium la waendao kwa miguu na kwa baiskeli, lililofunguliwa mwaka wa 2001, lilibadilisha hesabu hiyo. Holgate na Acomb, upande wa magharibi, huwa na nafuu ya kodi, ila asomaye Heslington atavuka mto na jiji zima kila asubuhi. Nauli ya basi ya mwaka mzima iongezwe juu ya kodi kabla ya kuiita nafuu.

York ni tambarare, na baiskeli ndiyo usafiri wa mwanafunzi. Hata hivyo, mwezi wa Desemba jua hutua kabla ya saa kumi alasiri, na vipindi vya mwisho huisha gizani. Njia ya kupitia malishoni inayopendeza mwezi wa Oktoba haina taa za kutosha mwezi wa Desemba. Atakaye nyumba aipite njia yake usiku kabla ya kuamua.

NYUMBA YENYEWE NA SHERIA YAKE

Nyumba ambayo mwanafunzi wa uzamili hukutana nayo mara nyingi ni ile ya safu, iliyojengwa kwa matofali enzi za Malkia Victoria kwa ajili ya wafanyakazi wa reli na wa viwanda vya chokoleti. Watu wanne au watano hushirikiana jiko na bafu. Kitu cha kutazama humo si zulia. Tazama pembe za dari na nyuma ya kabati kama kuna madoa meusi ya kuvu, kwani nyumba yenye kuta za unyevu hula gesi mchana na kutoa kikohozi usiku. Ulizia cheti cha matumizi ya nishati. Nyumba ya kupangisha inapaswa kuwa na daraja la E au zaidi, isipokuwa chache zilizoruhusiwa, na tofauti kati ya daraja la C na la E huonekana katika bili za Novemba hadi Machi.

Sheria nazo zijulikane, maana asiyejua maana haambiwi maana. Kwa mujibu wa sheria ya 2019, mwenye nyumba au wakala wake haruhusiwi kumtoza mpangaji ada za kuandika mkataba, na amana ya nyumba ya kawaida haipaswi kuzidi kodi ya majuma matano. Amana hiyo ni lazima iwekwe katika mfuko uliothibitishwa na serikali katika muda wa siku 30, na mpangaji apewe maelezo yake. Nyumba ya kaya ambayo wakazi wake wote ni wanafunzi wa kutwa hawailipii ushuru wa baraza la jiji. Akiingia mmoja asiye mwanafunzi, msamaha huo hubadilika, na ugomvi wa nani alipe huweza kuvunja urafiki. Mwenye nyumba, kwa upande wake, anatakiwa kuhakiki hati ya uhamiaji ya mpangaji kabla ya kumkabidhi ufunguo. Ombi hilo si dharau, ni sheria.

Jambo lililowaumiza wageni kutoka Afrika kwa miaka mingi ni la mdhamini. Mwenye nyumba hutaka mtu anayeishi Uingereza aahidi kulipa iwapo mpangaji atashindwa. Asiyekuwa na mtu kama huyo aliambiwa alipe kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025, ambayo sehemu zake kuu zimewekewa tarehe 1 Mei 2026 kuwa siku ya kuanza kutumika, imeweka kikomo cha kodi ya mwezi mmoja kulipwa mapema katika nyumba za watu binafsi inazozihusu. Mabweni ya vyuo yana kanuni zake. Anayekwenda na aulize mkataba wake uko chini ya kanuni zipi. Wala asitume pesa kwa nyumba ambayo yeye, au mtu anayemwamini, hajaiingia kwa miguu yake. Njia ya busara kwa anayefika mara ya kwanza ni kuchukua chumba cha chuo, kisha kuutembea mji kwa wiki kadhaa kabla ya kuhamia penginepo. Haba na haba hujaza kibaba.

MJI WA KALE NI WA NANI?

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba mpangaji ni mteja tu. Ukweli ni kwamba kila anayepanga nyumba katika mji wa kale anaingia katika mjadala uliomtangulia. Mwaka wa 1901, Seebohm Rowntree, mwana wa familia iliyomiliki kiwanda cha chokoleti cha York, alichapisha utafiti wake kuhusu umaskini wa mji huo. Aligundua kuwa asilimia 27.84 ya wakazi wake walikuwa maskini, katika mji ule ule uliokuwa ukisifiwa kwa kanisa lake. Mtaa wa Hungate, kando ya Foss, ulikuwa miongoni mwa mitaa duni zaidi, na nyumba zake zilibomolewa katika miaka ya 1930. Leo Hungate ina maghorofa ya kisasa ya bei ghali. Mto haukuhama, waliohama ni watu.

Kufikia miaka ya 1960 hofu ilikuwa ya namna nyingine: kwamba ndani ya ukuta kutabaki maduka na maghala tu. Ripoti iliyoandikwa na Lord Esher mwaka wa 1968 ilipendekeza watu warudishwe kuishi katikati ya jiji, na nyumba zikajengwa upya katika eneo la Aldwark. Wazo lake lilikuwa kwamba mji huhifadhiwa na wanaolala ndani yake, si na wanaoupiga picha. Wanafunzi nao wameingia katika hesabu hiyo. Nyumba za familia zilipozidi kugeuzwa kuwa za kushirikiana, baraza la jiji liliamua tangu 2012 kwamba mabadiliko ya aina hiyo yahitaji kibali, na tangu 2023 nyumba nyingi zaidi za namna hiyo katika baadhi ya kata zimetakiwa kuwa na leseni. Mpangaji aulizie leseni hiyo kwa faida yake. Ila pia akumbuke kuwa jirani yake aliyezaliwa mtaani humo ana sababu ya kumtazama kwa mashaka, na kwamba salamu ya asubuhi na pipa la taka lililotolewa siku yake huweza kuyaondoa mashaka hayo. Mzee aliyeniokoa na chumba cha mtoni hakunijua. Alinitendea kama jirani kabla sijawa jirani.

HITIMISHO

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa uchaguzi wa makao katika mji wa kale ni zoezi la usomaji. York imeandika habari zake katika majina ya mitaa, katika mwanya wa ukuta wake, na hata katika urefu wa soketi. Mgeni na aanze na maji, kisha umbali wa chuo, kisha nyumba na sheria yake. Uzuri uje mwisho, kwani huo utamkuta popote atakapokaa. Hata aliye Tang Hall huuona mnara wa Minster ukiwa juu ya mapaa siku ya anga safi.

Aghalabu tunaulizwa na jamaa zetu, na hata na wenzetu wa idara nyingine, Kiswahili na isimu vitatusaidia nini nje ya darasa. Jibu moja ni hili: siku moja unaweza kusimama mbele ya mlango katika nchi ya watu, kalamu mkononi na mkataba mezani, na kilichobaki kati yako na hasara kikawa ni mazoea yako ya kuuliza neno hili lina maana gani. Kuuliza si ujinga.